Nilihesabu Usiku, Wao Wanahesabu Siku

Datça, Uturuki
Ijumaa asubuhi

Dada yangu Effie,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye ni mzima, amekula, na amevaa kofia kama ulivyoagiza. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, goti limetulia, na lile paa la jikoni limezibwa kabla mvua za Buckie hazijaingia kukusalimia mwenyewe. Paka je, bado amenuna tangu ulipombadilishia chakula? Na kwaya mmeshapata mtu wa sauti ya tatu, au mnaendelea kumvumilia mzee Geddes? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana nakujua.

Lile bati la biskuti limefika. Sijui lilipitia wapi, ila biskuti zote ziligeuka unga. Tulizila kwa kijiko, na asali juu, na zilikuwa tamu ajabu. Asante sana. Ukiona nimeandika “tulizila” usianze kuhesabu watu, nitafika huko. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza kila neno, na haya ninayotaka kukwambia yanahitaji mtu akae kimya mpaka mwisho. Kwa hiyo weka chai, kaa, na umtoe paka kwenye kiti.

Unakumbuka ahadi tuliyowekeana Krismasi, tukiosha vyombo. Ulisema mwanamke mjane wa miaka sitini na sita hana kazi ya kuzurura peke yake na mashua ya matanga kwenye bahari za watu. Nikakwambia nitaendelea mradi sivunji sheria ya mtu. Ukasema sawa, lakini siku nitakayokamatwa nimezidisha hata siku moja Ulaya, nauza mashua yangu Bonxie na narudi kukaa nawe. Nikakubali, tukapeana mikono ikiwa na povu la sabuni. Mimi nilidhani ni maneno ya Krismasi. Wewe mwezi wa pili ukanitumia picha ya chumba cha Mama kikiwa na mapazia mapya, na ukaniambia yule daktari wa meno wa Elgin bado anaitaka mashua. Basi tangu hapo nimekuwa nikiishi na ahadi ile tumboni.

Najua sheria yenyewe hujawahi kuielewa, na kila nikieleza unasema ni upuuzi. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, sisi tunaruhusiwa kukaa kwao bila viza siku tisini ndani ya kila siku mia na themanini. Si Ugiriki peke yake, ni nchi zao zote kwa pamoja. Na hapana, Dada, ukitoka nje siku haziji upya kama maji ya bomba. Unatoka, unangoja zile za zamani zichakae, ndipo unarudi. Sikulaumu kwa kura yako ya kujitoa, najua ulipiga kwa ajili ya samaki wa wavuvi wetu. Ila siku moja nikikukalisha hapa na kalenda mkononi utawaomba radhi samaki wote.

Kwa hiyo maisha yetu ndiyo hayo. Ugiriki mpaka siku zikaribie kwisha, halafu tunavuka kuja Uturuki, kisha tunarudi. Kutoka kisiwa cha Symi, Ugiriki, hadi hapa Datça ni safari ya kuanika nguo na kuzianua. Tuko wengi: Waingereza, Wamarekani, Waaustralia. Kila asubuhi saa mbili tunafungua redio, na Noelene, yule Mwaustralia wa mashua ya Galah, anaita jina moja moja kujua nani yuko wapi na nani amebakiwa na nini. Majina yetu wenyewe hayatumiki. Huku majini unaitwa kwa mashua yako, kama kule kwetu mtu anavyoitwa kwa duka lake. Mimi ni Bonxie. Na kuna bwana mmoja, ndevu mpaka kifuani, anaitwa Gobnait, kwa sababu mashua yake aliipa jina la mama yake.

Huyo Gobnait ni Malachy Tuohy wa Kinvara, Ayalandi, fundi seremala aliyestaafu, mjane kama mimi. Nilikutajia Krismasi, ukasema jina lake linafanana na dawa ya kikohozi. Pasipoti yake ni ya Ulaya. Hahesabiwi chochote. Anaweza kukaa Symi mpaka ndevu zimguse magoti na hakuna askari atakayemwuliza. Ndiyo maana utani mkubwa wa gatini, unaorudiwa kila wiki na kila anayedhani ameutunga yeye, ni kwamba dawa ya siku tisini ni kuolewa na Mwayalandi. Noelene alikuwa akiniambia mbele yake, “Bibie, viza yako ile pale inakula zeituni.” Naye Malachy anajibu kwamba yeye ni viza ghali, inakoroma. Tunacheka, yanaisha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa wiki tatu zilizopita, Symi, na meltemi ule upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka na hasira. Noelene alikuja kwangu kunywa kahawa, akaniuliza nimebakiwa na siku ngapi. Nikamwambia bila wasiwasi kwamba wiki nzima bado ninayo. Akakunja uso. Akasema haiwezekani, tuliingia pamoja, tumevuka pamoja karibu mara zote, na yeye na mumewe walikuwa wanaondoka kesho kutwa. Akaniuliza nahesabuje. Nikamwambia nahesabu kama kila mwenye mashua anavyohesabu: usiku. Gati wanatoza kwa usiku. Tukiulizana ulikaa wapi, tunajibu tulilala pale usiku mbili tatu. Baba mwenyewe safari za samaki alizihesabu kwa usiku.

Noelene akaweka kikombe chini taratibu. “Ishbel, hao jamaa hawahesabu usiku. Wanahesabu siku. Umeingia jioni, hiyo siku. Umetoka asubuhi, hiyo nayo siku.” Nikasema haidhuru, ni siku moja tu. Akasema, “Siku moja kila ulipovuka. Na wewe ulikuwa unavuka kama unaenda chooni!” Dada, nilivuka kununua lozi. Nilivuka kunyoa nywele. Tulihesabu kwa vidole, mara mbili, na mara zote mbili ikaja vilevile: siku yangu ya mwisho ilikuwa ni ileile tuliyoikalia. Nisipogongewa mhuri wa kutoka na kuondoka kabla siku haijageuka, nimezidisha. Faini, na huenda wakanifungia mlango kwa miaka. Na chumba cha Mama kikiwa na mapazia mapya.

Nikakimbilia ofisi ya bandari. Malachy alikuwa foleni, amekuja na karatasi zake za mashua. Pale mezani kuna mama mmoja, Kyria Anthoula, yaani Bi Anthoula kwa Kigiriki, mtu mpole lakini si mtu wa kubembelezwa. Nikamweleza. Akaangalia pasipoti yangu, akaangalia nje ya dirisha, maji yanaruka juu ya gati, akasema bandari imefungwa kwa upepo, mashua ndogo haziruhusiwi kutoka, kwa hiyo mhuri hawezi kugonga. Nikamwuliza kama siku nazo zimefungwa kwa upepo. Akasema pole sana, siku haziko chini yake. Huenda upepo ukalegea alasiri, huenda usilegee.

Hapo ndipo yule mpumbavu wa Kinvara alipofungua mdomo. Akasogea mezani, akavua kofia, akasema, “Kyria Anthoula, huyu mama mwandikie ni mke wangu, yaishe.” Anthoula bila kutabasamu akamwuliza cheti kiko wapi. Malachy akasema cheti hakijapatikana kwa sababu mwenyewe bado hajaulizwa, lakini kama dakika mbili zipo anaweza kuniuliza hapohapo. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mjerumani mmoja akapiga makofi.

Effie, unanijua hasira zangu. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mimi si gari la kuazimwa namba. Nikamwambia sikukaa na marehemu mume wangu Wattie miaka thelathini na minane ili nije niolewe kwa ajili ya mhuri, kwenye foleni, na mtu ambaye hata shati hajafunga vifungo sawasawa. Nikatoka nje na mlango nikaubamiza, au niseme upepo uliubamiza, lakini nilifurahi ulivyofanya hivyo. Nikakaa kwenye mashua nikilia na kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Kilichoniuma, nitakwambia kweli, si kwamba aliuliza. Ni kwamba aliuliza kwa mzaha, na moyo wangu ulikuwa umeruka kabla sijajua kuwa ni mzaha.

Alasiri upepo ukalegea kidogo, bandari ikafunguliwa. Nilikuwa wa kwanza mezani. Anthoula akagonga mhuri, akanitakia safari njema, akaniambia kwa sauti ya chini nisichelewe. Nikarudi mbio, nikawasha injini, nikaanza kuvuta nanga. Haikuja. Pale Symi, Dada, mashua zinafungwa kwa tezi, yaani nyuma, kwenye gati, nanga inatupwa mbele katikati ya bandari, na kila anayekuja anatupa yake juu ya mnyororo wa mwenzake. Kwa siku zile za upepo walikuwa wameingia wengi. Nanga yangu ilikuwa chini kabisa, imelaliwa na minyororo ya nusu ya Ulaya. Baba angekufa kwa aibu.

Noelene hakungoja niombe. Alishika redio akaita gati zima: “Mashua zote, hapa Galah. Bonxie ana mhuri wa kutoka na siku inaisha. Kila aliye upande wa mashariki alegeze mnyororo wake. Wewe mwenye tambi mezani, nakuona, inuka!” Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu waliacha chakula, waliacha usingizi wa mchana. Wajerumani walilegeza. Muitaliano aliapa kwa watakatifu wote, kisha akalegeza. Mzee mmoja Mfaransa aliyekuwa akioga alitoka na taulo kichwani, akalegeza. Na katikati yao Malachy kwenye kile kidau chake cha mpira, na kulabu na kamba, akiinua mnyororo mmoja baada ya mwingine na kuuangusha pembeni.

Mimi bado nilikuwa sizungumzi naye. Yupo hatua chache kutoka pua ya mashua yangu, ananisikia vizuri, lakini nilikuwa namwambia Noelene kwa redio, “Galah, mwambie Gobnait avute upande wa kushoto.” Naye akimjibu Noelene, “Galah, mwambie Bonxie kushoto kwake au kushoto kwangu?” Gati zima likisikiliza. Noelene akachoka, akatangaza kwamba yeye si posta, tuzungumze wenyewe au tuoane. Mnyororo wa mwisho ulipoinuka kidau kikayumba, Malachy akaanguka majini na nguo zake zote, na akaibuka ameshikilia nanga yangu kama mtoto aliyeokota kikombe cha thamani. Nikamwambia, “Ulikuja kunitolea nanga au kuoga?” Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu asubuhi. Akasema nenda, mwanamke, nenda, jua linakwenda. Watu wakapuliza honi zote, nikatoka.

Niliingia Datça mwanga bado upo. Nikashusha bendera ya Ugiriki, nikapandisha ile ya njano ya kuomba kuingia, nikakaa chini nikalia tena, safari hii kwa raha. Sikuzidisha, Dada. Hata siku moja. Ahadi yetu iko salama.

Kesho yake adhuhuri ninaosha sitaha, naona Gobnait inaingia. Nilishangaa. Malachy ana Ugiriki nzima ya kukaa, na huku Uturuki yeye anahesabiwa siku sawasawa na mimi. Kila siku anayolala huku anaipoteza bure. Nikamwuliza amekuja kufanya nini. Akasema injini. Nikamwuliza ina nini. Akasema haina kitu. Halafu akakaa kwenye ukingo wa gati, miguu inaning'inia, vifungo vya shati safari hii vimefungwa vyote mpaka kooni, akasema jana alikosea mahali. Akasema, “Kule ningekuuliza mara mia usingeniamini, na ungekuwa sahihi. Hapa pasipoti yangu haina faida yoyote. Hapa mimi na wewe wote ni wageni tunaohesabiwa. Basi nakuuliza hapa.”

Akaongeza kwamba amekuwa akivuka nyuma yangu mwaka mzima, na kila mara anasingizia injini. Kumbe gati zima lilijua! Noelene alijua, mumewe alijua, hata kinyozi wa hapa alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimhurumia kwa kuwa na injini mbovu.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia kuna kitu lazima akione. Nikamshusha ndani, nikamwonyesha koti la mvua la Wattie, bado linaning'inia pale pale mlangoni. Nikamwambia hilo halitoki. Aliligusa mkono, akasema koti zuri, libaki, lake atalitundika upande wa pili. Akapanda juu kunipa nafasi. Nikabaki na lile koti, nikazungumza na Wattie wangu kama ninavyozungumza naye siku zote, na sikusikia kwamba amekasirika.

Basi, Effie. Sasa ndiyo nakwambia. Nimeolewa. Jumatano hii, ofisi ya manispaa ya Datça, saa tano asubuhi, mbele ya msajili mwenye joho jekundu, Noelene na mumewe wakiwa mashahidi. Huku bibi na bwana arusi wakishakubali, anayewahi kumkanyaga mwenzake mguu ndiye mwenye sauti nyumbani. Nilimkanyaga kabla msajili hajafunga mdomo, na viatu vya mashua, akapiga yowe watu wakashangilia. Tuliandikishwa kwa majina yetu halisi, na nusu ya wageni hawakuyajua. Mfaransa wa taulo, aliyevuka kwa ajili yetu, aliuliza huyo Malachy ni nani. Tulikula samaki, tukala unga wa biskuti zako na asali, kwa kuwa keki ilichelewa. Nilicheza mpaka kiuno kikaniambia basi.

Najua sasa hivi umeweka barua chini na unatembeatembea jikoni. Rudi ukae. Sikukwambia kabla kwa sababu ningesikia sauti yako ningetetereka, na sikutaka kutetereka. Kwa hilo uniwie radhi. Lakini nina furaha, Dada. Nina furaha mpaka naona haya. Sikujua kuwa bado imebaki nyingine ya kwangu.

Noelene ameshasoma kanuni zote, anasema nikiwa na mume wangu Ugiriki hesabu ya tisini hainibani tena kama zamani, ingawa kuna karatasi za kuomba na ofisi za kungoja, na lazima niwe pamoja naye. Yaani tukigombana siwezi kumwacha Symi nikaenda zangu kisiwa cha Kos. Malachy anasema hicho ndicho kifungu anachokipenda kuliko vyote. Na mwambie daktari wa meno wa Elgin kwamba kuna mashua inauzwa kweli, ila si yangu. Wawili hawahitaji mbili. Tulibishana nusu saa ipi iuzwe, halafu nikamkumbusha nani alikanyaga nani.

Imebaki chumba cha Mama. Usikifunge na usiyatoe mapazia, Krismasi tutalala humo wawili. Ila nimewaza jambo, na Malachy ndiye amenisukuma niliandike. Ile pasipoti uliyochukua kwa safari ya kwaya kwenda Norwei, ukavunjika goti usiende, bado iko hai, na haina mhuri hata mmoja. Mimi miaka hii yote nimekuwa nikizihesabu siku zangu kama sukari ya mgao wakati wa vita. Wewe unazo zote tisini, Effie, hujagusa hata moja. Tangu niolewe na Wattie mimi na wewe hatujakaa pamoja zaidi ya wiki ya Krismasi, kila mwaka wiki, na kila mwaka unanisindikiza stesheni ukijifanya una mafua. Paka atakaa kwa mzee Geddes. Chumba cha mbele nimeshakisafisha, godoro ni jipya, na ngazi Malachy ameitengenezea kishikio kwa ajili ya goti lako. Njoo uzimalize zote kwangu.

Nisalimie kwaya nzima, na Padri, na wale wa duka la mikate. Malachy anakusalimu, anakuita shemeji na anauliza kama unapenda zeituni. Nijibu haraka, na andika siku ya kufika.

Mdogo wako akupendaye,
Ishbel